Miji Iliyojengwa Bila Rehani

Rehani ya nyumba ni mapatano juu ya wakati: mwenye fedha hukubali kungoja miaka kumi au ishirini, na mkopaji huahidi kwamba ujira utakaolipa deni utamfikia kila mwezi hata siku ya mwisho, na riba ndiyo bei ya kungoja huko. Sarafu isipoaminika, bei hiyo hupanda. Ajira ikipoteza uthabiti, ahadi ya mkopaji hubaki maneno matupu. Katika Butembo na Beni, huko Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo, masharti haya mawili hayakupata kutimia pamoja kwa muda wa kutosha, walakini miji ile ilijengwa, ikapanuka, na tarikh ya ujenzi wake yastahili kuelezwa.

Butembo ilikua kando ya kituo cha kampuni ya madini, Minière des Grands Lacs, katika miaka ya 1920, na katika desturi ya makampuni ya zama zile mfanyakazi alipewa paa maadamu yu kazini, likamtoka pamoja na kazi. Mwaka 1952 serikali ya Wabelgiji iliunda Office des Cités Africaines, iliyojenga maelfu ya nyumba na kuwauzia Waafrika wenye mshahara wa kuaminika, walipe kidogo kidogo. Lakini nyumba hizo zilijengwa katika miji mikubwa kama Léopoldville, Elisabethville, Bukavu na Usumbura, wala si katika vilima vya Wanande, wenyeji wa Butembo na Beni, ambako wengi waliishi kwa jembe na kwa biashara.

Baada ya uhuru, sheria ya Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa milki ya dola, mwananchi akabaki na haki ya kuitumia kwa cheti cha usajili. Na kwa kuwa rehani haiandikwi ila juu ya haki iliyosajiliwa, mwenye kiwanja cha urithi, aliyetambuliwa na jirani zake na mwami wake, yaani mtawala wa kimila, hakuwa na kitu cha kuweka mbele ya benki. Sarafu nayo ilifuata njia ya uharibifu: siku ya Krismasi ya 1979 noti za zaire 5 na 10 zilifutwa, na watu wakapewa siku chache tu za kuzibadili; na mwaka 1994 kupanda kwa bei kulipita asilimia 9,000. Ni nani basi angekopesha kwa miaka 20 kwa sarafu isiyoweza kutunza thamani yake hata kwa msimu mmoja wa kahawa?

Wanande, wajiitao pia Wayira, walijibu kwa njia yao. Wakulima wao walipeleka mboga Kisangani na Kinshasa, na wafanyabiashara wao walipitisha kahawa na dhahabu mpakani Kasindi, kisha baadaye wakaungana kuagiza makontena kutoka Dubai, Hong Kong na Guangzhou, wakipeana bidhaa kwa mkopo ambao dhamana yake ilikuwa jina la mtu, ukoo wake na kanisa lake. Faida haikulala benki, iligeuka matofali. Mtu alinunua kiwanja, akachoma matofali, akasimamisha kuta, akangoja safari nyingine ya mali ndipo anunue mabati, na zamu yake ya likelemba, yaani mchango wa kupokezana, ilipofika akatia milango. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo la Butembo-Beni tangu 1966 hata 1997, aliwahimiza waumini na matajiri kujitengenezea barabara na shule ambazo dola haikuzileta, na moyo ule ule wa kujitegemea ulionekana katika nyumba za watu.

Desturi hii ya kujenga kidogo kidogo ina sifa zake, lakini haikumfaa kila mtu, kwani asiye na faida ya biashara angehitaji mkopo. Anayekopa dola 10,000 kwa miaka 10, riba ikiwa asilimia 6 kwa mwaka, hulipa takriban dola 111 kwa mwezi. Ikiwa asilimia 24, hulipa dola 220, na mwishowe atakuwa ametoa zaidi ya dola 26,000. Agosti 2023 Benki Kuu ya Kongo ilipandisha riba yake ya msingi hata asilimia 25. Mwalimu wa shule, ambaye tangu mwanzo wa miaka ya 1990 aliishi kwa michango ya wazazi kuliko kwa mshahara wa serikali, asingeweza kuahidi hata zile dola 111. Na mauaji yaliyoanza kandokando ya Beni mwaka 2014, kisha Ebola ya 2018 hadi 2020, yakazidi kuifanya kesho isitabirike.

Kwa hiyo, kushuka kwa riba peke yake hakutaleta rehani Butembo wala Beni, maadamu mshahara haufiki kwa wakati wake na cheti cha kiwanja kinaweza kubishaniwa mahakamani miaka nenda miaka rudi. Mpaka mambo hayo mawili yarekebishwe, tajiri ataendelea kujenga kwa faida yake, na aghalabu mwalimu atapanga kwake, hivi kwamba mshahara mdogo wa mmoja utasaidia kununua matofali ya nyumba ya pili ya mwingine.