Kelele za mashine kazini: linda masikio yako kabla hayajachoka

Isongole, wilayani Ileje, ni eneo la mpakani na Malawi. Msimu wa mavuno ukifika, mashine za kusaga na kukoboa huunguruma tangu asubuhi hadi jioni. Jirani yupo seremala na randa ya umeme, na fundi wa kuchomelea na grenda yake. Kazi hizi zinalisha familia nyingi, lakini kelele zake zinaweza kumwacha mtu akiwa kiziwi. Katika makala haya tunaeleza jinsi ya kujikinga.

Kelele inavyoharibu sikio

Ndani ya kila sikio kuna seli ndogo zenye vinywele, takribani 15,000. Sauti ikiingia, vinywele hutikisika na ubongo hupata taarifa. Kelele kubwa huvilaza kama upepo unavyolaza mahindi. Ukipumzika, vingi huinuka. Ndiyo maana masikio yanayovuma jioni huweza kutulia asubuhi. Kelele ikirudiwa kila siku, seli hufa. Hazioti tena, na hakuna dawa ya matone inayozirudisha.

Sauti nyembamba ndizo hupotea kwanza: ndege, mlio wa simu, na herufi kama s, t na f. Mtu husema, "Nasikia, ila sielewi." Msagaji anaambiwa debe sita, yeye anasikia tisa. Nyumbani redio inaongezwa sauti hadi majirani wanalalamika. Kwa kuwa hakuna maumivu, wengi hugundua miaka ikiwa imeshapita.

Kelele ipi imezidi?

Sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Kikomo kinachotumika katika nchi nyingi ni 85 kwa saa 8 za kazi. Kwa kipimo cha wataalamu wengi, kila zikiongezeka 3, muda salama hupungua kwa nusu: desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na 100 ni robo saa tu. Mashine nyingi za kusaga huvuka 90.

Huna kipimo? Mtu akisimama umbali wa urefu wa mkono na bado anapaza sauti ili umsikie, kelele imezidi.

Anza na mashine yenyewe

- Kaza nati zilizolegea, weka grisi, badilisha beringi na nyundo zilizochakaa. Mashine mbovu hupiga kelele zaidi.
- Injini ya dizeli ikae nje ya chumba, na bomba lake la moshi liwe na kizuia sauti kizima.
- Wateja wasubiri nje, hasa kina mama wenye watoto mgongoni.
- Pokezaneni. Wawili wakigawana siku, kila mmoja hupata nusu ya kelele.

Kisha kinga masikio

Tumia viziba masikio vya sponji au vifuniko vinavyofunika sikio zima. Pamba ya kawaida haizuii kelele ya kutosha. Kufungulia muziki kwa sauti kubwa kwenye spika za masikioni ili kuishinda mashine ni kuongeza madhara.

Kuvaa kiziba cha sponji: nawa mikono, kisokote kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kiingize, kisha kishikilie kwa nusu dakika kivimbe. Ukikivua kila mara mashine ikiwa inaunguruma, kinga yake hupungua sana.

Haki yako kama umeajiriwa

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa kinga na kuwapima afya. Kupoteza usikivu kwa sababu ya kazi ni ugonjwa unaoweza kulipiwa fidia na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Anayechangia mfuko huo ni mwajiri. Mshahara wako haukatwi.

Lini uende kupimwa

Masikio yakivuma zaidi ya siku moja, au watu wa nyumbani wakisema huwasikii, nenda kituo cha afya na uombe rufaa ya kupimwa usikivu. Usimwage mafuta wala kuchokonoa sikio. Mweleze mganga kazi unayofanya na umeifanya kwa miaka mingapi. Hayo yatamsaidia kujua chanzo. Usikivu uliopotea haurudi, lakini uliobaki bado unaweza kulindwa.