Ukuta na Mlinzi Wake

Leo tutazame ulinzi wa kompyuta za biashara, nasi tutajifunza kwa habari ya kweli iliyotokea Marekani.

Faiawoli ni kizuizi kinachowekwa mahali mtandao wa biashara unapokutana na intaneti. Hukagua kinachoingia na kinachotoka, kikaruhusu au kikakataza kwa kufuata amri kilizopewa. Jina lake latokana na ukuta ujengwao kati ya nyumba na nyumba ili moto usienee.

Mwaka 2013 kampuni kubwa ya maduka iitwayo Target ilikuwa na vyombo vya ulinzi vya gharama nyingi. Wezi hawakuubomoa ukuta. Waliiba neno la siri la kampuni ndogo ya mafundi wa majokofu, iliyoruhusiwa kuingia katika mtandao wa Target, wakapita kama wageni halali. Kisha wakapenya mpaka kwenye mashine za kupokea malipo. Mwishoni mwa Novemba vyombo vilitoa onyo. Watu wa kampuni wakaliona, wasichukue hatua. Katikati ya Desemba serikali ilipowaarifu, habari za kadi zipatazo milioni 40 zilikuwa zimekwisha kuibwa. Mwaka 2017 kampuni ilikubali kuyalipa majimbo 47 na mji wa Washington dola milioni 18.5.

Sasa wewe mwenye biashara wajiuliza: je, yanipasa kuilipa kampuni inisimamie faiawoli? Ikiwa una kompyuta moja tu, isiyo na siri za wateja, kizuizi kilichomo ndani yake chaweza kutosha, mradi ukiongezee marekebisho kila yatokapo. Lakini ukiwa na matawi, ukipokea kadi, au ukiwafungulia mafundi wa nje, wahitaji mtu wa kukesha. Kama huna mtu huyo, mlipe msimamizi.

Hata hivyo, kulipa ada hakutoshi. Kabla ya kutia sahihi, uliza: nani atatazama maonyo usiku? Atampigia nani simu? Nani ana idhini ya kuukata mtandao mara moja? Majibu yaandikwe katika mkataba.

Mbwa akibweka na mwenye nyumba asiamke, mwizi hubeba atakacho. Zungumzeni jambo hili katika vikundi vyenu. Kwaherini mpaka juma lijalo.