Kabla ya Paswedi Kulikuwa na Kakufuli: Simu za Ofisini Kutoka Mwadui Mpaka Geita

Kabla ya WhatsApp, kabla hata ya vocha za kukwangua, kulikuwa na simu moja nzito nyeusi mezani kwa bosi. Kwenye ile duara ya namba palikuwa na kakufuli. Vijana wa leo wakiona picha yake wanacheka: simu inafungwa kama baiskeli? Ila wadau, ukikielewa kale kakufuli utaelewa kwa nini leo ofisi ya Kahama au Geita inaweza kuamka Jumatatu ikakuta bili ya mamilioni, kwa simu ambazo hakuna mfanyakazi aliyezipiga.

Opereta alijua kila kitu

Turudi Mwadui, Shinyanga. Mwaka 1940 mjiolojia kutoka Canada, John Williamson, aligundua almasi pale. Mwaka 1947 likatoka jiwe la rangi ya waridi ambalo baadaye alipewa Princess Elizabeth wa Uingereza. Mji wa mgodi ukawekewa uzio na walinzi. Sehemu kama hiyo jiwe linakaguliwa getini, lakini maneno hayakaguliwi.

Na maneno enzi hizo yalipita kwa mtu. Kwenye swichibodi ya mkono unanyanyua mkonga, opereta anaitika, unamtajia unayemtaka, anachomeka waya. Akitaka kusikiliza, anasikiliza. Hata asiposikiliza, anajua nani kampigia nani na saa ngapi.

Shida hiyo haikuwa ya Afrika peke yake. Kule Marekani, mzika maiti mmoja, Almon Strowger, alihisi opereta anapeleka wateja wake kwa mshindani. Akachukia, akabuni mtambo wa kuunganisha simu bila mtu, na 1891 akapata hataza yake. Yaani simu za kujipigia mwenyewe zilianza na mtu aliyechoka kuchezewa mchezo!

Baadaye ofisi nazo zikapata mtambo wao mdogo wa ndani. Mhasibu akawa na ekstensheni yake, stoo na yake, wanaongea bila kulipia. Kutoka nje unabonyeza 9 au 0 kwanza upate laini.

Kufuli limefungwa, simu inapigwa

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, simu za Tanzania zikawa chini ya shirika jipya la posta na simu, TPTC. Laini ilikuwa mali, watu walisubiri miaka kuipata. Ndiyo maana bosi akitoka anafunga kakufuli, anaondoka na ufunguo.

Wajanja wakagundua kitu. Ile duara ikizunguka, kazi yake ni kukata na kuunganisha umeme wa laini haraka haraka. Kitufe cha kuwekea mkonga nacho kinakata umeme uleule. Basi ukikigonga mara tatu kwa spidi, umepiga 3. Mara kumi, umepiga 0. Kufuli liko palepale, simu inaita mkoani! Mwisho wa mwezi bili ikija, anayenyooshewa kidole ni karani wa mapokezi, kwa sababu simu iko karibu naye.

Bosi alikuwa amefunga duara, akasahau kuwa kuna njia nyingine. Hilo kosa halijawahi kufa.

Dhahabu na dunia nzima mlangoni

Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata 2001. Maporini nyaya hazifiki. Simu ya upepo ilisaidia, lakini mwenye redio ya masafa yaleyale anasikia kila kitu. Satelaiti nayo iko kama kilomita 36,000 juu, kwa hiyo unauliza, jibu linachelewa karibu nusu sekunde, mnaishia kukatizana.

Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa Seacom ukafika Dar es Salaam, intaneti ikaanza kuwa ya maana. Simu za ofisini zikahamia humo. Sasa tawi la Geita linapiga ekstensheni ya Dar kama chumba cha jirani. Raha tupu.

Ila mtambo ukiwekwa wazi kwenye intaneti, programu za wezi zinaujaribu usiku kucha: ekstensheni 100, 101, 102, paswedi 1234. Ikikubali moja, zinapigwa simu mfululizo kwenda namba ghali za nje, ambazo mwizi anapata mgao wa kila dakika. Wanapenda wikiendi na sikukuu, ofisi ikiwa tupu.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inasema kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa, na kunasa mawasiliano pia ni kosa. Sawa, lakini mwizi yuko nchi nyingine, bili iko Kahama.

Na bili ni nusu ya balaa. Sauti isiyofichwa kwa msimbo inaweza kunaswa na mtu aliyeingia kwenye mtandao wa ofisi. Kanda ya dhahabu, maneno kama "gari linatoka saa ngapi" yanaweza kugharimu maisha ya dereva.

Dawa zenyewe si za ajabu. Simu ziwe na mtandao wao, mbali na Wi-Fi ya wageni. Paswedi iwe ndefu, tofauti kwa kila ekstensheni. Nchi ambazo ofisi haipigi zifungwe, na kampuni ya simu iweke kikomo cha matumizi kwa siku. Sauti ifichwe kwa msimbo. Kumbukumbu za simu zisomwe kila wiki, siyo bili ikishakuja na karani ameshakatwa mshahara.

Swali kwa wadau mlioko maofisini: yule aliyeacha kazi mwaka juzi, ekstensheni yake nani aliifunga?