Kitabu cha Kasuku Asiyesema

Mjukuu wangu, mwenye umri wa miaka tisa, alinijia hapa Mwanza na daftari na penseli za rangi, akataka tutunge kitabu cha watoto juu ya kasuku niliyemfuga ujanani. Swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Babu, alikuwa akisema nini?" Nikamjibu kwamba hakusema neno. Akaiweka penseli chini kama mtu aliyepunjwa.

Kosa halikuwa lake. Kasuku wa hadithi ni yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu, hodari wa kuiga sauti za watu, ambaye makao yake ni misitu ya magharibi na kaskazini ya ziwa, upande wa Kagera na Uganda. Wetu wa kusini ni mwingine kabisa. Urefu wake ni kadiri ya sentimeta 14. Mwili ni wa kijani, uso una rangi ya chungwa lililoiva, mdomo ni mwekundu, na jicho limezungukwa na pete nyeupe. Hutaga katika matundu ya miti, huruka kwa makundi, na shambani mwa mtama ni mwizi asiye na haya. Kelele anazo tele, maneno hana.

Hata jina lake katika vitabu vya elimu lilitoka mbali. Daktari Gustav Fischer, Mjerumani, alisafiri kutoka pwani hadi ziwani mwaka 1885, akimtafuta msafiri Wilhelm Junker aliyekuwa amekwama kaskazini. Hakumpata. Alirudi kwao, akafa mwaka 1886. Na mwaka uliofuata mtaalamu wa ndege, Anton Reichenow, alimwandika kasuku huyu kwa jina la Agapornis fischeri. Nilipomweleza mjukuu wangu habari hizi aliuliza, "Kwani huyo daktari ndiye aliyemwona kwanza?" Nilicheka, maana bibi zetu walikuwa wakimfukuza ndege huyo mashambani tangu zamani za zamani, wala hapana aliyefikiri kwamba kumwona ni sifa.

Sisi vijana wa miaka ya 1980 tulimwona kwa jicho jingine. Nyakati hizo bidhaa zilikuwa adimu madukani, na bei ya pamba haikumtosha mkulima. Wakaja wanunuzi wa ndege. Tulichemsha utomvu tukafanya ulimbo, tukaupaka vijitini, tukajificha. Ndege walitiwa katika masanduku, wakaenda Ulaya na Marekani kuwa mapambo ya sebule za watu. Mwaka 1987 kasuku wetu huyu alihesabiwa miongoni mwa ndege wa mwituni waliouzwa kwa wingi kabisa duniani. Kundi lililokuwa likitia giza kidogo juu ya mtama likawa ndege kumi, kisha wawili watatu. Baadaye Serikali iliacha kutoa vibali vya kumkamata kwa kumpeleka nje, na mwaka 2016 ikasimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwa jumla.

Yule niliyemfuga alikuwa mmoja wa hao. Sikumbakiza kwa mapenzi, ijapokuwa mapenzi yalikuja baadaye. Nilimbakiza awe chambo. Tundu lake nililitundika karibu na ulimbo, naye akiwaona wenzake wakipita angani alipaza sauti, nao wakashuka kumjibu. Hakusema, lakini aliita.

Nilitamani kuurukia ukurasa huo mpaka mtoto akue. Ndipo nilipomkumbuka Aniceti Kitereza, jirani yetu wa ng'ambo ya maji, kisiwani Ukerewe. Kitabu chake kikubwa cha Myombekere na Bugonoka alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, ili maisha ya wazee yasipotee. Hakupata wa kukichapa. Akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikakitoa mwaka 1980. Mwandishi akafariki mwaka 1981 bila kukishika mkononi. Miaka 35 ya kungoja mimi sinayo.

Basi nikamsimulia. Alikaa kimya kitambo kirefu, kisha akauliza mwisho wa yule chambo ulikuwaje. Niliweza kusema kwamba nilimfungulia tundu akaruka, na kitabu kingekuwa kizuri zaidi kwa watoto. Bali ukweli ni kwamba katika sanduku la mwisho ilipunguka idadi ya ndege, nami nikamtia yeye.

Mjukuu wangu akaichukua tena penseli. Akachora sanduku, akalipaka rangi ya udongo, akasita.

"Matundu ya kuingizia hewa yalikuwa makubwa kiasi gani, babu?"

Nikamwonyesha ncha ya kidole changu cha mwisho. Akaanza kuyachora, moja baada ya moja, na katika tundu moja akatia jicho lenye pete nyeupe.