Ukingo wa Bara Usiolala: Kutengana kwa Madagaska na Afrika Kunavyoihusu Mabibo

Pwani ya Tanzania huelezwa kuwa ukingo tulivu wa bara: ulipasuka zamani, Madagaska ikajiondokea, kazi ikaisha. Makala hii inapinga kwamba kazi imeisha. Ukingo huu haukuzaliwa kwa mpasuko mmoja, na nyufa za kale zingali zinachangia kuamua gesi itapatikana wapi na ardhi itatikisika wapi. Mabibo, jirani ya mitambo ya umeme ya Ubungo jijini Dar es Salaam, haiko nje ya habari hiyo.

Gondwana, bara kuu lililounganisha Afrika, Madagaska, Bara Hindi, Antaktika, Australia na Amerika ya Kusini, lilianza kuvutwa takriban miaka milioni 300 iliyopita. Mivuto hiyo ilifungua mabonde ya Karoo, na makaa ya mawe ya Ngaka na Mchuchuma ni mabaki ya mimea iliyozikwa humo. Kwa zaidi ya miaka milioni 100 mabonde hayo yalididimia bila kuzaa bahari. Hata hivyo, yaliliachia ganda la dunia udhaifu wa kudumu.

Katika enzi ya Jurasi, kiasi cha miaka milioni 170 iliyopita, bara lilikatika. Chumvi nene iliyo chini ya Mandawa ni ushahidi wa maji ya bahari yaliyoingia katika mabonde finyu yakakauka. Huko Tendaguru, Lindi, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, matabaka yenye mifupa yanapishana na yenye makombe ya baharini. Bahari ilikuwa ikipanda na kurudi.

Madagaska ilitokea wapi? Baadhi ya wanajiolojia waliibandika kwenye ubavu wa Msumbiji, wengine wakasema haikuhama. Mwaka 1983 Rabinowitz, Coffin na Falvey walichapisha uchambuzi wa mistari ya usumaku katika sakafu ya bahari ya Somalia, ukaonyesha kuwa kisiwa hicho kilikuwa mkabala na Tanzania, Kenya na Somalia, kisha kikateleza kusini kando ya ufa wa Davie, ulio chini ya bahari. Safari hiyo ilikoma takriban miaka milioni 120 iliyopita. Baadaye kipande hicho kilichojitenga na Afrika nacho kikapasuka: Bara Hindi likaachana na Madagaska yapata miaka milioni 88 iliyopita, kisha likaiacha Shelisheli nyuma.

Urithi wa mpasuko huo tunautumia kila siku. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 katika mchanga-mawe wa enzi ya Kretasia, ilianza kuzalisha umeme Ubungo mwaka 2004. Mashapo yaliyoihifadhi yalirundikana kwa sababu ukingo uliopasuka uliendelea kuzama.

Mtu anaweza kujibu kwamba urithi si uhai: hapa hakuna bamba linalozama chini ya jingine kama Japani. Ni kweli, na ndiyo maana mitetemo yetu mikubwa ni michache. Lakini vipimo vya satelaiti vinaonyesha bamba la Somalia likiachana na sehemu nyingine ya Afrika kwa milimita chache kwa mwaka, na sehemu ya mwendo huo inapita chini ya bahari, karibu na ufa uleule wa Davie. Tarehe 12 Agosti 2020, tetemeko la ukubwa wa karibu 6 lilipiga baharini kusini-mashariki ya Dar es Salaam, na wakazi wa jiji wakalihisi. Ukingo wa bara unaweza kuwa mtulivu kwa kipimo cha dunia, usiwe mtulivu kwa mtu anayeishi ghorofani.

Kwa hiyo neno "tulivu" lisiwe kibali cha kupuuza. Wanaopanga na kujenga maghorofa kuanzia Mabibo hadi Temeke waweke tetemeko katika hesabu zao, na vyuo vyetu vifundishe jiolojia ya pwani hii kwa Kiswahili, ili anayekaa juu ya ukingo huu aujue.