Nadharia ya Uuguzi na Huduma kwa Wagonjwa: Kutoka Kaiserswerth hadi Tindiga

1. Utangulizi

Katika mahubiri yetu tumezoea kumsifu muuguzi kwa upendo wake na uvumilivu wake. Ni mara chache sana tunapomsifu kwa fikra zake. Matokeo yake ni kwamba wengi wetu huona nadharia ya uuguzi kuwa jambo la mtihani tu, ambalo mwanafunzi hulikariri chuoni na kuliacha mlangoni mwa wodi. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha, kwa njia ya historia, kwamba upendo usio na fikra iliyopangwa umewahi kushindwa kuwaokoa wagonjwa, na kwamba jambo hili lahusu Kanisa moja kwa moja, kwa kuwa uuguzi wa kisasa ulianzia karibu na nyumba ya mchungaji.

Kwa neno "nadharia" tunamaanisha maelezo yaliyopangwa yanayojibu maswali manne: mgonjwa ni nani, afya ni nini, mazingira yake yanamfanyia nini, na muuguzi anapaswa kufanya nini. Kila muuguzi hujibu maswali hayo kwa mikono yake, ajue asijue.

2. Kaiserswerth: Moyo ulio tayari

Mchungaji Theodor Fliedner alifika Kaiserswerth, mji mdogo kando ya mto Rhine huko Ujerumani, mwaka 1822. Usharika wake ulikuwa maskini, na kiwanda kilichowapa waumini riziki kilifilisika. Fliedner akasafiri Uholanzi na Uingereza kuomba msaada, na huko akaona kazi za huruma zilizomgusa. Mwaka 1833 alimpokea mwanamke aliyetoka gerezani, akamlaza katika kibanda cha bustani yake. Mwaka 1836 yeye na mkewe Friederike wakafungua nyumba ya madiakonisa, yaani mashemasi wa kike, kwa kufuata mfano wa Fibi anayetajwa katika Warumi 16:1. Wa kwanza kuingia alikuwa Gertrud Reichardt, binti wa tabibu. Fliedner alipofariki mwaka 1864, nyumba mama za namna hiyo zilikuwa zimeenea katika nchi nyingi.

Mwaka 1850 Mwingereza Florence Nightingale alitembelea Kaiserswerth, na mwaka 1851 akarudi kujifunza kwa muda wa miezi kadhaa. Alipokuwa mzee alitoa ushuhuda unaofaa kutafakariwa na kila chuo cha theolojia: kwamba hakupata kuona mahali penye kujitoa kwa moyo safi kupita pale, lakini uuguzi wenyewe ulikuwa si kitu, na usafi ulikuwa mbaya mno. Wito ulikuwapo, maarifa ya kuuongoza yalikuwa bado.

3. Scutari: Somo la mifereji

Novemba 1854 Nightingale alifika Scutari, nchini Uturuki, pamoja na wauguzi 38, kuwahudumia askari wa Uingereza waliokuwa katika vita vya Crimea. Walifua, walipika, waliosha, walikesha. Hata hivyo, katika majira yale ya baridi vifo viliongezeka. Askari wengi zaidi walikufa kwa maradhi kuliko kwa majeraha. Machi 1855 ilifika tume ya usafi, ikazibua mifereji ya maji machafu iliyokuwa chini ya hospitali na kuingiza hewa majengoni, na vifo vikashuka kwa kasi.

Baada ya vita Nightingale alizichambua takwimu za vifo akishirikiana na mtaalamu William Farr. Kutokana na hesabu hiyo chungu ndipo fundisho lake lilipokomaa. Alifundisha kwamba muuguzi haponyi; kazi yake ni kumweka mgonjwa katika hali iliyo bora, ili nguvu ya uponyaji iliyomo katika maumbile ifanye kazi. Alitaja mambo matano ya lazima kwa nyumba yenye afya: hewa safi, maji safi, mifereji mizuri, usafi na mwanga. Mwaka 1860 shule ya uuguzi yenye jina lake ilifunguliwa katika Hospitali ya St Thomas, London.

Hata hivyo nadharia si Maandiko Matakatifu. Nightingale aliamini kwa miaka mingi kwamba maradhi hutokana na hewa chafu. Mwaka 1897 Ronald Ross aliona vimelea vya malaria ndani ya mbu. Hivyo nadharia huongoza kazi, na kazi nayo huisahihisha nadharia.

4. Nguvu, nia na maarifa

Katika karne ya ishirini wauguzi wengine waliendeleza fikra hiyo. Hildegard Peplau, mwaka 1952, alieleza uuguzi kuwa uhusiano kati ya watu wawili. Dorothea Orem alifundisha kwamba lengo ni mgonjwa aweze kujitunza. Virginia Henderson alisema kuwa muuguzi humsaidia mtu kufanya yale ambayo angeyafanya mwenyewe kama angekuwa na nguvu, nia au maarifa, iwe ni kuelekea kupona au kuelekea kifo cha amani. Katika mahitaji 14 aliyoyaorodhesha, pamoja na kupumua, kula na kulala, limo hitaji la mgonjwa kuabudu kwa imani yake. Mchungaji aingiaye wodini basi si mgeni katika mpango wa uuguzi.

5. Tindiga: Mahali pa kuipima nadharia

Mbegu ya udiakonia ilifika pia katika nchi yetu. Huko Lutindi, Usambara, nyumba iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani ilikuja kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Katika Wilaya ya Kilosa, Kanisa Anglikana lina hospitali Berega, na Kanisa Katoliki lina Hospitali ya Mtakatifu Kizito huko Mikumi. Tunaitaja Kilosa kwa sababu huko fundisho la mifereji si habari ya Scutari peke yake.

Tindiga ni kata iliyo katika tambarare ambako maji ya Mto Mkondoa hutuama. Maji hayo ndiyo yaleteayo mpunga, na ndiyo yaleteayo mbu. Desemba 2009 na Januari 2010 mafuriko ya Mkondoa yaliwaacha maelfu ya watu wa Kilosa bila makazi.

Tumfikirie mama wa bonde kama hilo, aliyemleta mtoto mwenye malaria kwa mara ya tatu katika msimu mmoja. Muuguzi asiye na nadharia atampa dawa, na pengine atamkaripia kwa kutotumia chandarua. Muuguzi aongozwaye na nadharia atauliza kwanza: mama huyu amepungukiwa nini, nguvu, nia au maarifa? Huenda akagundua kwamba wakati wa kuamia ndege familia nzima hulala shambani, katika kibanda kisicho na mahali pa kufungia chandarua, ilhali chandarua kimebaki nyumbani. Hapo mama hakukosa maarifa wala nia. Mpango utabadilika: watazungumza jinsi ya kukifunga shambani, na nani atabaki kijijini na mtoto. Karipio lingemfukuza; swali limemponya mtoto.

6. Hitimisho

Tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, Martin Luther alibaki kuwahudumia watu. Katika waraka wake wa mwaka huo kuhusu kuikimbia tauni alifundisha pia kwamba anayedharau dawa na tahadhari anamjaribu Mungu. Tutumie dawa, tufukize nyumba, tusiende pasipotuhitaji. Kwake imani na akili havikugombana kando ya kitanda cha mgonjwa.

Kwa hiyo tunatoa rai mbili. Kwanza, wachungaji wanaokaa katika bodi za hospitali na vyuo vya uuguzi wasihesabu muda wa muuguzi kufikiri, kuuliza na kuandika mpango kuwa ni muda uliopotea. Pili, wanafunzi wa theolojia wajifunze kuuliza swali la Henderson wanapowatembelea wagonjwa. Msamaria Mwema alihurumia, lakini pia alifunga jeraha, akatia mafuta na divai, akapanga matunzo ya kesho yake. Huruma yake ilikuwa na mpango.