Shakespeare Kikuyu, Hali ya Hatari Limuru

Januari 1955, kijana mmoja alifika stesheni ya Limuru na mzigo wake, tayari kuripoti Alliance High School. Gari moshi la abiria likamwacha hapo. Ilikuwa Hali ya Hatari, na Mgikuyu, Mwembu au Mmeru hakuruhusiwa kusafiri bila pasi ya serikali. Kuitwa shule kubwa haikuwa pasi. Mfanyakazi wa stesheni akamhurumia, akampenyeza kwenye gari la mizigo. Ndivyo Ngũgĩ wa Thiong'o alivyoingia sekondari, bana: kama gunia.

Leo ukipanda matatu ya Kikuyu pale tao, kilomita kama 20 hivi, unaona ni mtaa tu wa pembeni mwa jiji. Shule yenyewe ilianzishwa 1926 na misheni za Kiprotestanti zilizoungana, ndiyo maana ya jina. Mkuu wake toka 1940 alikuwa Edward Carey Francis, mwanahisabati aliyeacha kufundisha Cambridge akaja Maseno 1928. Mzee wa nidhamu. Paredi ya asubuhi, bendera ya Mwingereza juu, kaki safi, ukaguzi, kanisa, kisha darasani.

Na kila mwaka, Shakespeare. 1955 walicheza As You Like It. 1957 ikawa King Lear, ile ya mzee anayefungiwa mlango usiku wa mvua na watoto wake mwenyewe. Hebu fikiria ni nani walioketi wakiitazama. Likizo yake ya kwanza, Aprili 1955, Ngũgĩ alirudi nyumbani akakuta hakuna nyumbani. Kijiji kilibomolewa, watu wakahamishiwa Kamĩrĩthũ, kijiji kipya kilichojengwa kwa amri ya serikali. Kaka yake alikuwa msituni na Mau Mau. Shule zikafunguliwa, akarudi kusimama paredi chini ya bendera ileile.

Rika letu hupenda kuwacheka vijana wa enzi hizo, eti walifinyangwa wakawa wazungu weusi. Mimi chuo nilikiacha katikati, kwa hivyo sina deni la kuisifu shule yoyote, lakini kicheko hicho nakiona cha rahisi mno. Kaki haikuwa mapambo. Nje ya ua, kijana wa Kigikuyu bila kaki alikuwa mshukiwa tu.

Carey Francis naye haingii kwenye boksi moja. Bendera ya mkoloni aliipandisha, sawa. Ila alipostaafu Alliance 1962 hakukimbilia kwao Uingereza. Alienda Pumwani, huku Eastlands, akawa mwalimu wa kawaida tu mpaka alipofariki 1966. Huyo utamweka wapi?

Ngũgĩ alimaliza mwishoni mwa 1958, akapata kazi ya kufundisha shule ya msingi. Aprili 1959 polisi wakalisimamisha basi alilopanda, wakamshusha. Kaki hana tena. Akalala korokoroni siku kadhaa, kisha akashtakiwa kwamba alikataa kukamatwa. Wakili hakuwa naye. Akasimama mwenyewe kizimbani na kuwahoji mashahidi, swali baada ya swali, kama yuko kwenye mdahalo wa Jumamosi, hadi maelezo yao yakaanza kugongana. Hakimu akamwachilia.